Kokoto Inayokunywa Maji: Kisa cha Modeli ya Kukadiria Nguvu ya Zege Mombasa

Kisa hiki nimekipanga kutokana na hali ambazo mtu yeyote anayejenga Mombasa atazitambua. Wahusika wake hawana majina, na vipimo vya mchanganyiko vilivyomo ni mfano wa hesabu, lakini data za kigeni zinazotajwa, kanuni za zege na tabia za mawe ya pwani ni mambo yanayojulikana. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha, kuliko mifano mingi inayosifiwa, mahali ambapo ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutoka kwa data, hukwama unapopewa kazi ya kukadiria sifa za kitu kinachoshikika kwa mkono.

Maabara ndogo ya kupima vifaa vya ujenzi huko Changamwe ilikuwa ikipokea vipande vya zege kutoka kwa makandarasi wa kisiwani na wa bara. Utaratibu wenyewe ni wa miaka mingi. Zege linapomwagwa, sehemu yake hujazwa katika kalibu zenye pande za milimita 150. Vipande vinavyopatikana huzamishwa majini, na baada ya siku 7 na siku 28 vichache hutiwa katika mashine ya kugandamiza hadi vipasuke. Mzigo uliovipasua, ukigawanywa kwa eneo la uso, ndio nguvu ya mgandamizo, nayo huandikwa kwa megapaskali. Kwa mwenye jengo, siku 28 ni muda mrefu. Mbao na nguzo za kukodi zinaendelea kulipiwa, vibarua wanangoja, na matokeo yakija mabaya huenda ghorofa nyingine imekwisha kupandishwa juu ya ile iliyo dhaifu. Kwa hiyo ombi la mwenye maabara lilikuwa la haki: je, kompyuta inaweza kusoma vipimo vya mchanganyiko na kutaja nguvu ya siku 28 siku ile ile zege linapomwagwa?

Kazi alipewa binti aliyehitimu karibuni masomo ya takwimu. Vitabu vya maabara vilikuwa na matokeo mengi ya nguvu, lakini michanganyiko kamili ilikuwa michache, maana makandarasi wengi huleta vipande bila kueleza ndani yake mna nini. Akaanza pale wanapoanzia wengi, kwenye mkusanyiko wa I-Cheng Yeh wa Taiwan, ambaye mwaka 1998 alichapisha utafiti wa kukadiria nguvu ya zege kwa mtandao wa neva, modeli ya kompyuta inayoiga kwa mbali seli za ubongo, na ambaye data zake huhifadhiwa katika hazina ya Chuo Kikuu cha California, Irvine. Mkusanyiko huo una mistari 1030. Kila mstari una vipimo vinane: saruji, taka ya tanuri la chuma, majivu ya makaa ya mawe, maji, dawa ya kulainisha zege, kokoto, mchanga, na umri kwa siku. Saruji ni kati ya kilo 102 na 540 kwa kila mita ya ujazo, umri ni kati ya siku 1 na 365, na nguvu inaanzia megapaskali 2.3 hadi zaidi ya 82. Kwa mtu anayejifunza kazi hii ni hazina kweli kweli, na sina neno la kuilaumu. Juu ya mistari hiyo binti akaongeza michanganyiko michache kamili aliyoipata vitabuni mwa maabara, karibu yote ikiwa imetumia mawe ya machimbo ya bara, upande wa Mazeras na Mariakani.

Modeli aliyochagua ilikuwa msitu nasibu, njia iliyoelezwa na Leo Breiman mwaka 2001, ambayo hufunza miti mingi ya maamuzi (mti mmoja ni mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana yanayoishia kwenye jibu), kila mmoja kwa sehemu tofauti ya data, kisha huchukua wastani wa majibu yake. Aligawa mistari kwa kuchanganya kama karata, sehemu kubwa ya kufunzia na sehemu ndogo ya kupimia, na jibu likaja zuri mno: nguvu iliyokadiriwa na nguvu iliyopimwa zilifuatana karibu kila mahali. Mwenye maabara alifurahi. Kandarasi mmoja aliyekuwa akijenga ghorofa nne Kisauni akaomba makadirio ya slabu yake, iliyotakiwa kufikia megapaskali 25, na modeli ikasema kwamba ingezipita bila shida.

Vipande vya slabu hiyo vilipopasuliwa siku ya 28, kundi moja lilikuwa imara kupita makadirio na kundi jingine lilikuwa chini ya 25. Fomu zote mbili, zile ambazo msimamizi wa ujenzi hujaza vipimo vya mchanganyiko, zilikuwa na tarakimu zile zile.

Jambo la kwanza ambalo watu hulishuku hapa ni modeli yenyewe, na ndipo siku nyingi hupotea bure: miti iongezwe, mtandao wa neva ujaribiwe, vigezo vigeuzwe. Binti alifanya hivyo kwa muda, lakini kila modeli aliyoijaribu ilitoa jibu moja kwa fomu mbili zinazofanana, na hakuna njia duniani ambayo ingeweza kutoa mawili. Aliyelitambua tatizo ni fundi mzee wa maabara, mtu aliyepasua vipande vya zege tangu ujana wake. Alichukua kokoto iliyokuja na vipande hivyo, akaigeuza mkononi, akasema: «Mwanangu, kokoto hii ni ya matumbawe, nayo yanywa maji. Uliiuliza imekunywa kiasi gani kabla hujaihesabu?» Naye akamjibu: «Baba, kwenye fomu hakuna pa kuandika hilo.»

Kandarasi alikuwa amebadilisha kokoto. Ile ya bara ilichelewa, naye akanunua ya matumbawe iliyochimbwa karibu, jiwe lile lile la ukanda wa pwani ambalo Wareno walijengea Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Ni jiwe la kuheshimiwa, lakini lina vitundu vingi, na vitundu hivyo hufyonza maji. Hapa inafaa tukae kidogo na hesabu, kwa kuwa kisa chote kimo ndani yake.

Tuchukue mita moja ya ujazo yenye kilo 350 za saruji na kilo 1000 za kokoto, na tuseme tunataka maji huru, yale yasiyofyonzwa na kokoto, lita 175. Huo ni uwiano wa maji kwa saruji wa 0.50. Kokoto ya bara iliyo kavu ikifyonza asilimia 2 ya uzito wake itakunywa lita 20, hivyo msimamizi anaagiza lita 195 na zege linatoka sawa. Sasa tuweke kokoto ya matumbawe, nayo kavu vilevile, inayofyonza asilimia 7. Itakunywa lita 70. Kwa maji yale yale 195 yanabaki 125 tu ya kuifikia saruji, na uwiano unashuka hadi karibu 0.36. Hainywi yote kwa mara moja, na ndiyo sababu zege huonekana laini linapotoka kwenye mashine ya kuchanganyia, kisha hukauka na kuwa gumu kusambazwa kabla halijamalizika kumwagwa. Vibarua wanalalamika, na msimamizi anaamua kuongeza lita 50 katika kila mita ya ujazo inayofuata, uamuzi ambao kwa kokoto kavu ungekuwa sahihi. Lakini ni mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, na usiku mvua inainyeshea kokoto iliyorundikwa nje bila kufunikwa. Asubuhi imeshiba. Haifyonzi tena hata tone. Lita 245 zote zinakuwa maji huru, na uwiano unapanda hadi 0.70.

Tangu utafiti wa Duff Abrams wa mwaka 1918 wajenzi wanajua kwamba uwiano huo ndio unaotawala nguvu ya zege kuliko karibu kitu kingine chochote: maji yakiongezeka kwa saruji ile ile, nguvu hupungua. Kati ya 0.36 na 0.70 kuna tofauti ya zege imara sana na zege la kutiliwa shaka. Na katika fomu, kwenye safuwima ya maji, msimamizi alikuwa ameandika 175 mara zote, kwa sababu hiyo ndiyo tarakimu iliyokuwa katika mpango. Modeli ilisoma kilichoandikwa katika mpango. Mashine ya kugandamiza ilipasua kilichomwagwa.

Kuna somo la kitaalamu hapa ambalo naliona halisisitizwi vya kutosha. Watumiaji wa msitu nasibu hupenda kutazama jinsi miti inavyotofautiana na kuichukulia tofauti hiyo kuwa kipimo cha wasiwasi: miti ikikubaliana, jibu huaminiwa. Katika kisa hiki miti ilikubaliana vizuri, kwa kuwa mstari wenye saruji 350 na maji 175 ulifanana na mistari mingi iliyokuwa imekwisha kuonwa. Makubaliano ya miti hueleza umbali wa mstari mpya kutoka kwa mistari ya zamani ndani ya safuwima zilizopo. Kuhusu safuwima isiyokuwepo hayasemi lolote.

Baada ya hapo binti alirudi kwenye lile jaribio la kwanza lililomfurahisha kila mtu, na akakuta kwamba lilikuwa na kasoro ya pili. Katika mkusanyiko wa Yeh, mchanganyiko mmoja huonekana mara nyingi, umepimwa ukiwa na siku 3, 7, 28 na kuendelea. Michanganyiko iliyo tofauti kweli haifiki nusu ya mistari 1030. Mistari inapochanganywa kama karata, zege lililo upande wa kufunzia kwa umri wa siku 14 linakutwa upande wa kupimia kwa umri wa siku 28. Modeli inakuwa imeliona zege hilo tayari, na kazi iliyobaki ni kukisia limeongezeka nguvu kiasi gani kwa wiki mbili. Hilo ni swali jepesi, wala silo alilouliza kandarasi wa Kisauni. Yeye aliuliza kuhusu zege ambalo hakuna aliyewahi kulipima, lenye jiwe ambalo halikuwemo vitabuni.

Kasoro hii haiko kwenye zege peke yake. Katika utafiti wa fuwele, ambako kuna hazina kubwa kama Materials Project iliyoanza mwaka 2011, na ambako mwaka 2023 Google DeepMind ilitangaza kwamba modeli yake imependekeza miundo ya fuwele milioni 2.2, swali ni lile lile: dutu inayopimiwa ni ndugu wa karibu wa zile zilizofunziwa, au ni mgeni? Mwaka 2018 Bryce Meredig na wenzake walichunguza jambo hili kwa dutu zinazopitisha umeme bila ukinzani, wakapendekeza data zigawanywe katika makundi ya dutu zinazofanana na kundi zima lifichwe wakati wa kufunza. Hata hivyo, fuwele za hazina hizo zina faida ambayo zege halina. Sifa zake nyingi zimepatikana kwa hesabu za kikwanta, yaani za fizikia ya atomi, zinazofanywa na kompyuta kwa njia moja, na hakuna mvua iliyozinyeshea. Zege huzaliwa uwanjani.

Kwa hiyo jaribio la pili la binti lilipangwa kwa machimbo. Alipanga michanganyiko ya maabara kwa chanzo cha kokoto, akaficha chimbo moja zima, akafunza modeli kwa yaliyobaki, akapima kwa lile lililofichwa, kisha akahamia jingine. Pia mchanganyiko mmoja, pamoja na umri wake wote, ulikaa upande mmoja tu. Kosa la wastani lilipanda sana. Mwenye maabara alisikitika alipoonyeshwa, akauliza kwa nini modeli imeharibika. Kwa maoni yangu hiyo tarakimu kubwa ndiyo kitu cha thamani zaidi kilichopatikana katika kazi nzima, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kujibu swali la mteja, na maabara inayoificha kwa kuwa haipendezi inamdanganya mtu atakayelala chini ya slabu.

Marekebisho yalianzia kwenye fomu. Ziliongezwa safuwima za chanzo cha kokoto, kiasi inachofyonza, na unyevu wake asubuhi ya kumwaga zege, ambao hupatikana kwa kupima uzito wa sampuli, kuikausha kwenye jiko na kuipima tena. Kutokana na hayo modeli haikupewa tena maji yaliyoandikwa katika mpango. Ilipewa maji huru yaliyokokotolewa, na uwiano wake kwa saruji ukawekwa wazi katika safuwima moja. Msitu nasibu unaweza kuukisia uwiano kutoka kwa safuwima mbili za maji na saruji, lakini huukisia kwa ngazi ngazi na unahitaji mifano mingi kufanya hivyo. Kwa nini uhangaike kugundua upya jambo ambalo Abrams alishalisema?

Joto lilishughulikiwa kwa njia hiyo hiyo. Kanuni za Ulaya zinataka vipande vitunzwe majini au penye unyevu mwingi kwa nyuzi 20 za selsiasi, ilhali zege lililo kwenye jengo la Kisauni linakomaa katika joto la Mombasa, ambalo kwa miezi mingi halikaribii 20 hata usiku. Kanuni ya ukomavu inayohusishwa na watafiti Nurse na Saul huzidisha joto kwa muda, joto likihesabiwa kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri. Siku 7 kwa nyuzi 20 ni 30 mara 7, yaani 210. Siku 7 kwa nyuzi 30 ni 280, ambazo ni sawa na siku 9 na theluthi moja za maabara. Safuwima ya umri ikabadilishwa kuwa ukomavu. Hilo halimalizi suala, kwa kuwa zege lililopata joto kali mwanzoni hukimbilia nguvu mapema na mara nyingi huishia na nguvu ndogo mwishoni kuliko lililotunzwa katika ubaridi. Kwa sababu hiyo joto la siku ya kwanza lilibaki na safuwima yake.

Chumvi ilikuwa ngumu zaidi. Mji huu hutegemea maji ya mbali, kama yale ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na yanapokatika, mjenzi huchota kisima kilicho karibu, ambacho mara nyingi kina chumvi. Kloridi, iliyomo katika chumvi hiyo, huharakisha ukomavu wa saruji. Zege lililochanganywa kwa maji ya chumvi linaweza kupendeza siku ya 7 na kumfanya mtu aamini kwamba siku ya 28 litapendeza vilevile, na modeli inayopewa nguvu ya siku 7 kama kidokezo itadanganyika pamoja naye. Zaidi ya hayo, kanuni ya Ulaya ya maji ya kuchanganyia haikubali kloridi zaidi ya miligramu 1000 kwa lita pale penye chuma, ilhali maji ya bahari yana takriban 19,000. Chuma kilichomo kitaoza hata kama vipande vilifaulu. Kuta za Ngome ya Yesu hazina chuma ndani yake, na hatari hii haizihusu. Modeli ya nguvu haijui lolote kuhusu kutu, na binti aliandika sentensi hiyo juu kabisa ya kila ripoti iliyotoka.

Swali la mwisho lilikuwa la kutumia data za Taiwan au kuziacha. Mti wa maamuzi hauwezi kutoa jibu lililo nje ya majibu uliyoyaona, kwa hiyo msitu uliofunzwa kwa mawe ya kwingine utaendelea kulilazimisha tumbawe liwe jiwe lile. Kuziacha kabisa nako kungeacha maabara na michanganyiko michache mno. Aliamua kuiweka modeli ya kwanza ijifunze kutoka kwa data hizo umbo la jumla, yaani jinsi nguvu inavyopanda kwa ukomavu na kushuka kwa maji, kisha modeli ya pili, ndogo na ya mstari ulionyooka, ijifunze tofauti kati ya makadirio ya ile ya kwanza na vipimo vya Mombasa, kwa safuwima chache tu. Ninaiona njia hii kuwa ya busara kwa maabara yoyote yenye data kidogo, mradi ile ya pili ibaki ndogo. Ikipewa safuwima nyingi itakariri vipande vya maabara badala ya kujifunza.

Kuhusu slabu ya Kisauni, modeli haikuulizwa tena. Nguzo ziliachwa mahali pake, vipande vya mviringo vilitobolewa kutoka sehemu zilizomwagwa kabla na baada ya mvua, na mhandisi wa jengo akavipasua na kurudia hesabu zake. Sehemu iliyomwagwa asubuhi baada ya mvua ilivunjwa na kumwagwa upya. Gharama ilimuuma kandarasi, lakini hakupandisha ghorofa iliyofuata juu yake.

Modeli sasa inatumika kwa kazi moja: kuchagua michanganyiko ya majaribio ambayo inafaa kumwagwa kwanza katika maabara, ili badala ya kujaribu kumi wajaribu mitatu. Kokoto ya matumbawe hulowekwa hadi ishibe kabla ya kuchanganywa, jambo ambalo mafundi wa zamani walikuwa wakilifanya bila kompyuta yoyote, na unyevu wake hupimwa kila asubuhi. Kilicho mezani kwa sasa ni mchanganyiko wa nusu kokoto ya matumbawe na nusu ya bara, ambao hauko katika mkusanyiko wa Yeh wala katika vitabu vya maabara. Makadirio yake yameandikwa kwa penseli, na vipande vyake viko majini.